Stendi ya Seruji: Kazi Yangu ya Kwanza ya Useremala

Seruji isilazwe sakafuni, wala isitundikwe kwenye msumari. Ndani yake mna kiunzi kigumu. Chini kuna mito miwili iliyojazwa sufu au sponji, na kati ya mito hiyo unapita mfereji unaouacha huru uti wa mgongo wa farasi. Ikikaa vibaya kwa miezi, mito hubonyea upande mmoja, na atakayeumia ni farasi. Saisi wa banda ninakojifunza kupanda, huku Karen, Nairobi, alinishika mkono akaupitisha juu ya mto uliobonyea hivyo. Baada ya hapo sikuwa na shaka kazi yangu ya kwanza ya mbao ingekuwa ipi.

Nilichagua saiprasi. Ndiyo mbao ya bei nafuu kwenye yadi za kwetu, na ni laini kwa msumeno wa mkono. Ile mbichi huwa nzito na baridi ukiishika, na ikikauka nyumbani kwako itajipinda, kwa hiyo omba iliyokauka kisha uchungulie kwa urefu wake kama imenyooka. Futi 12 za inchi 2 kwa 4, futi 2 za inchi 2 kwa 6 na futi 8 za inchi 1 kwa 6 zinatosha. Mwambie fundi wa yadi azipige randa kabisa.

Moyo wa kazi ni vipande viwili vya juu vitakavyoshikilia mahali pa kukalia seruji. Kwenye mbao ya 2 kwa 6, pima sentimita 28 chini na sentimita 8 juu, katikati, kisha unganisha alama kwa mistari miwili ya mshazari. Kata hapo. Huhitaji kipima pembe. Juu ya miteremko hiyo utafunga mbao mbili za 1 kwa 6, zenye urefu wa sentimita 60, zikae kama paa la nyumba lililoachwa wazi kileleni. Uwazi huo usiuzibe hata kama jicho linaona umbo limepungukiwa: ndio unaolingana na mfereji wa seruji, na ndio unaopitisha hewa jasho likauke. Ingekuwa juu yangu, hakuna stendi ambayo ingeuzwa bila uwazi huo.

Chini ni rahisi zaidi. Ukitumia mbao ya 2 kwa 4, kata nguzo mbili za sentimita 80, kila moja ifungwe ubavuni mwa mguu wa sentimita 55 uliosimamishwa kwa upande wake mwembamba. Mbao zilaliane uso kwa uso, gundi katikati, skrubu za sentimita 8. Kipande cha juu nacho kilale ubavuni mwa nguzo, kikiipita kwa sentimita 3 ili nguzo isiguse paa. Nguzo ziunganishe kwa mbao ya sentimita 35 hivi, na juu ya miguu pigilia vipande viwili vya 1 kwa 6: hapo ndipo brashi na kofia vitakaa.

Kabla ya kila skrubu, toboa kwanza kwa keekee yenye ncha nyembamba kuliko skrubu. Saiprasi hupasuka karibu na mwisho wa mbao, na ufa huo haurudi. Vichwa vya skrubu za paa vizame ndani ya mbao, kwa maana kichwa kimoja kilichochomoza kitachana ngozi.

Msasa usiuharakishe. Anza na namba 80, nenda 120, malizia 180, na kingo zote za paa uzizungushe. Kisha pitisha kiganja polepole. Kinapokwama, seruji nayo itakwama. Mimi nilipaka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, nikaacha yakauke kabisa kabla ngozi haijagusa mbao. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye pipa: mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje.

Hatamu zinahitaji mahali pake. Kipande cha gogo chenye upana wa sentimita 10, kikipasuliwa katikati na kufungwa ukutani, huuacha ukanda wa kichwa na mviringo wake. Kwenye msumari ungekunjika, na ngozi huanza kupasuka palipokunjika.

Stendi iweke mbali na dirisha. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Nairobi inapoleta ukungu kwenye ngozi, ifunike seruji kwa shuka la pamba, kamwe si kwa plastiki.