Uvimbe wa kinena: je, dawa ya mizizi inatosha?

Swali: Daktari, mimi ni mkulima wa Mamboya. Nikibeba gunia la mahindi, kinena cha kulia huvimba. Nikilala, uvimbe hurudi ndani. Wazee wananishauri ninywe mizizi. Nifanyeje?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Hizo ni dalili za ngiri ya kinena: ukuta wa misuli umelegea, na utumbo au mafuta ya tumboni hupenya, hasa unapoinua mzigo, kukohoa au kujikamua chooni. Mizizi haizibi uwazi huo. Tiba ni upasuaji. Daktari hurudisha kilichotoka na kuimarisha ukuta, mara nyingi kwa wavu maalumu. Gharama ya wavu isikukatishe tamaa: nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa upasuaji kilifanya kazi vizuri kama wavu ghali wa kiwandani.

Nenda mapema ukapimwe hospitali ya Berega au ya wilaya, Kilosa. Ila uvimbe ukigoma kurudi, ukauma sana, au wewe ukitapika au kushindwa kupata choo na kutoa hewa, usiusukume uvimbe kwa nguvu. Wahi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku: utumbo ulionaswa hukosa damu na kuoza.