Kuomba msaada kwa mfuko wa familia: somo kwa vikundi vya Tanganyika



Somo letu linatoka katika swali tunaloulizwa karibu kila mkutano, mjini na hata huko kwenye barabara ya Nyunzu: "Sisi tuna kikundi, tuna kazi, hatuna pesa. Tubishe mlango gani?"

Miaka ya nyuma wengi walikuwa na jibu moja: mashirika makubwa. Vita kati ya Watwa na Waluba ilipopamba moto, hasa mwaka 2016 na 2017, makambi yalijaa pembeni ya mji wetu na magari ya misaada yakafuata. Leo magari hayo yamepungua. MONUSCO ilifunga kazi yake katika jimbo letu mwezi Juni 2022. Wafadhili wakubwa wa dunia walikubaliana mwaka 2016 kwamba ikifika 2020 robo ya pesa za misaada ya dharura iwafikie watu wa mahali wenyewe. Lengo hilo halikufikiwa. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na ilipofika Julai shirika la USAID likafungwa. Mwaka huohuo familia mpya zilizokimbia vita vya Kivu zilikuwa zinashuka hapa Kalemie.

Ndiyo maana tunaongea juu ya mlango mwingine, mdogo zaidi: mfuko wa familia, ambao wengi wetu tunauita fondasyo.

Mfuko wa familia ni nini?

Ni mali ambayo mtu mmoja au ukoo mmoja, mara nyingi wa mfanyabiashara, wameiweka kando kisheria ili isaidie wengine. Msiwazie jengo lenye walinzi na ofisi mia. Mifuko midogo mingi haina hata mfanyakazi mmoja wa mshahara. Ni baba, mama, watoto wao wakubwa na labda mwanasheria, wanaokaa mezani mara moja au mbili kwa mwaka, wakisoma barua na kukata shauri.

Kwa sheria ya Marekani, mfuko wa namna hiyo unapaswa kutoa kila mwaka karibu asilimia 5 ya thamani ya mali yake. Pigeni hesabu: mfuko wenye dola milioni 2 utatoa kama dola 100,000 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa waombaji kumi na tano au ishirini, kila mmoja anapata dola elfu tano mpaka saba hivi. Anayewaandikia watu hao akiomba dola 80,000 amewaonyesha kwamba hakuuliza hata habari zao.

Iko mifuko ya familia iliyokua sana. Segal Family Foundation, ulioanzishwa mwaka 2007 na Barry Segal, mfanyabiashara wa New Jersey, umesaidia mashirika mengi ya wenyeji katika Afrika Mashariki, hata Burundi, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu. Ubelgiji kuna njia nyingine: familia nyingi hazifungui ofisi yao, bali huweka pesa zao kwa jina lao chini ya King Baudouin Foundation, na yenyewe hushughulikia karatasi.

Neno moja kwa wale waliofika juzi na wanalala nje: mlango huu si wa chakula cha wiki hii. Kutoka barua ya kwanza mpaka pesa inaweza kupita mwaka mzima. Kwa dharura, nendeni kwa viongozi wa mtaa na mashirika yanayoandikisha watu. Mfuko wa familia unafaa kwa kazi ambayo tayari mmeianza kwa mikono yenu na ambayo pesa kidogo itaisogeza.

Kujua mlango kabla ya kubisha

Kila mwaka mifuko hiyo ya Marekani hujaza fomu inayoitwa 990-PF. Fomu hiyo iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, bila malipo. Ndani yake mtaona majina ya waliopewa na kiasi walichopewa. Uingereza nako kuna daftari la wazi la mashirika ya hisani, pamoja na hesabu zao. Mkiwa na kijana anayesoma Kiingereza na mwenye simu nzuri, mpeni kazi hiyo kwa siku mbili. Atafute mambo matatu: wamewahi kusaidia Kongo au jirani zake? Wanasaidia kazi ya namna gani? Msaada wao wa kawaida ni dola ngapi? Siku hizo mbili zitawaokoa na barua thelathini za bure.

Mtakuta pia kwamba mifuko mingi inaandika wazi: haipokei barua za watu isiowajua. Msikasirike. Hata sisi, mtu akija kuomba shamba, kwanza tunauliza, "Nani anamjua?" Kwa hiyo tafuteni mtu wa kuwapeleka: shirika ambalo mfuko huo unalisaidia tayari, parokia, mwalimu wa chuo, Mkongomani anayeishi huko. Aandike mistari mitano tu ya kuwatambulisha, nanyi mwandike baadaye. Kwa maoni yangu mistari hiyo mitano ina uzito kuliko mradi wa kurasa arobaini.

Jihadharini na wadanganyifu. Mfuko wa kweli hauwaombi ada ya "kufungua dosye" wala dola 50 za kutuma pesa. Na yule mpatanishi wa hapahapa anayesema atawaandikia mradi ikiwa mtamrudishia sehemu ya pesa zikifika, huo ni mchezo ule tunaouita "opération retour". Mkubali mara moja, mtakuwa mateka wake, na siku mfadhili akijua, mlango unafungwa kwenu na kwa jirani zenu pia.

Karatasi

Nchini kwetu mashirika yasiyo ya faida, yaani ASBL, yanaongozwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Inataka wanachama wasiopungua saba, katiba ya shirika iliyoandikwa na kutiwa sahihi, na uamuzi wa Waziri wa Sheria baada ya maoni mazuri ya waziri anayehusika na kazi yenu. Safari hiyo ya karatasi mpaka Kinshasa ni ndefu na vikundi vingi vinachoka njiani.

Kama bado hamna hati, si mwisho. Shirika lenye hati linaweza kupokea pesa kwa niaba yenu, mradi kuwe na mapatano ya maandishi: kiasi gani kinabaki kwao kwa kazi ya hesabu, nani anatoa ripoti, na ikitokea ugomvi nani anaamua. Bila maandishi hayo msikubali, hata kama ni shirika la shemeji yenu.

Akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi, na sahihi mbili au tatu. Msitume namba ya simu ya mwenyekiti. Huko kwao, mfuko unaotuma pesa ng'ambo unatakiwa kuonyesha kwamba ulichunguza mpokeaji, uliandikiana naye mkataba, na ulipata ripoti ya matumizi. Kwa hiyo wakiuliza maswali mengi, haimaanishi wanawaona wezi. Wanajaza karatasi zao kama ninyi mnavyojaza zenu.

Kinu kitakaa katika uwanja wa nani?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana pesa inaweza kuleta vita kama inavyoweza kuleta amani. Mtafiti Mmarekani Mary B. Anderson aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1999, lakini wazee wetu hawakuhitaji kitabu ili kulijua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha akina mama 24, nusu Watwa, nusu Waluba, wamerudi kijijini na wanalima muhogo pamoja. Wanataka kinu cha kusaga. Wanaomba dola 5,000, na wanazipata. Kinu kinanunuliwa Kalemie na kupandishwa kwenye lori. Sasa kitawekwa wapi? Mwenye uwanja mzuri karibu na barabara ni mzee mmoja Mluba, mtu mwema. Anasema, "Kiwekeni kwangu, sitaki kitu." Baada ya miezi sita watu wanasema "kinu cha mzee fulani". Mtoto wake ndiye anayeshika ufunguo. Wamama Watwa wanakuja na muhogo wao, wanaambiwa wangoje. Hakuna aliyeiba hata franka moja, na ripoti ya mfadhili ni safi kabisa. Lakini kijijini kimezaliwa kidonda.

Watwa wengi hawana ardhi inayotambuliwa kwa jina lao. Kwa hiyo kila kitu kisichohama, kama kinu, ghala, kisima au nyumba ya mkutano, mara nyingi kitaangukia upande wa wenye ardhi kama hamkuzungumza mapema. Zungumzeni kabla ya kuandika barua, mbele ya chifu na wakuu wa pande zote mbili: ardhi itatolewa kwa maandishi kwa kikundi? Ufunguo utashikwa kwa zamu gani? Zamu ya kusaga itafuata nini? Nani atarekebisha mashini ikiharibika? Mkishindwa kupatana juu ya hayo bila pesa, hamtapatana pesa zikiwa mezani. Afadhali mwombe kitu kingine, kwa mfano mbegu na majembe, ambavyo kila mmoja anarudi navyo kwake.

Vilevile waliohama na wenyeji waliowapokea. Mradi ukiandikwa "kwa wakimbizi wa ndani" peke yao, jirani aliyetoa kiwanja chake mwaka mzima atauliza yeye amekosa nini. Mwiteni kabla hajauliza.

Yaandikeni mapatano hayo kwenye barua yenu. Familia iliyo mbali haiwezi kuja kuona, lakini ikisoma kwamba mmekwisha kujibu swali la ufunguo itajua inaongea na watu wenye akili.

Barua yenyewe

Kurasa mbili zinatosha. Acheni maneno ya semina. "Kuimarisha uwezo wa wadau katika mchakato wa kuishi pamoja kwa amani" hayaelezi kitu. Andikeni hivi:

"Sisi ni akina mama 24 wa kijiji kimoja, Watwa 12 na Waluba 12. Mwaka 2017 tulikimbia, kila upande njia yake. Tulirudi, na tangu misimu miwili tunalima shamba moja la muhogo. Tunabeba muhogo kichwani saa tatu mpaka kwenye kinu. Tunaomba dola 4,850 kwa ajili ya kinu. Sisi wenyewe tumekusanya franka za kujenga kibanda, na chifu ametupa kiwanja kwa maandishi."

Sentensi fupi kama hizo zinatafsirika vizuri, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, hata kwa simu. Lakini tafsiri ya simu isomwe na mtu kabla ya kutumwa.

Bajeti iwe na bei za kweli kutoka sokoni Kalemie, pamoja na usafiri, mafuta, na makato ya benki, maana pesa ikipita benki tatu haifiki nzima. Msiongeze bei "kwa sababu watapunguza". Familia ndogo mara nyingi haipunguzi: inakubali au inakataa.

Juu ya picha, nina msimamo mkali kidogo. Msitume picha ya mtoto uchi wala ya mama analia. Tumeni picha ya kazi, na mwombe ruhusa ya kila anayeonekana. Mtu aliyekimbia ana sababu ya kutotaka sura yake isafiri.

Pesa zikifika

Uwazi na usalama vinavutana hapa. Kiasi chote na matumizi yake lazima vijulikane na wanachama wote, visomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Lakini siku ya kutoa pesa benki, na barabara itakayopitiwa, ijulikane na wale wenye sahihi tu. Nunueni vitu mjini kadiri mnavyoweza, pesa taslimu isilale kijijini. Kila fakture ihifadhiwe, na fundi asiye na fakture aandike kwa mkono na kuweka sahihi au kidole.

Ripoti msiingoje iombwe. Baada ya miezi mitatu tumeni ukurasa mmoja. Kama lori lilikwama na bei ikapanda, semeni sasa, na mseme mnataka kubadilisha nini. Wenye mfuko wanaweza kukubali mabadiliko kabla ya pesa kutumika. Baada ya hapo ni vigumu sana kwao, hata wakitaka.

Na wakikataa tangu mwanzo? Andikeni asante, ulizeni kama mnaweza kujaribu mwaka ujao, na endeleeni na shamba. Wanachama wasiwe wameahidiwa kitu. Kiongozi aliyetangaza kinu kabla ya barua kujibiwa ndiye atakayeulizwa kinu kiko wapi.

Maswali ya kujadiliana katika baraza

Gawanyikeni kwanza wanawake peke yao na wanaume peke yao, kisha mkutane.

Katika kikundi chetu, nani hajui kiasi cha pesa tulicho nacho leo, na kwa nini hajui?

Kitu tunachotaka kuomba kitakaa kwenye ardhi ya nani? Kama mwenye ardhi akifa, watoto wake watasema nini?

Nani jirani yetu atakayeumia moyoni tukipata msaada huu, na tutamwita lini?