Tazama Nyayo Kwanza: Saratani ya Ngozi kwa Kaya za Takawiri

Picha nyingi za saratani ya ngozi zinazozunguka kwenye mabango na kwenye simu huonyesha doa jeusi begani au usoni mwa Mzungu. Mkazi wa kisiwa cha Takawiri, kaunti ya Homa Bay, akiitazama picha kama hiyo huona kwamba ugonjwa huo haumhusu, na nusu ya hoja yake ni kweli. Melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi wake, huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua. Ndiyo maana saratani ya seli za chini za ngozi, inayoongoza kwa wingi miongoni mwa Wazungu na ambayo huanza kama kijinundu king'aavu usoni, ni nadra kwa watu weusi. Kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba kila saratani ya ngozi huletwa na jua. Zile za kuhofiwa zaidi na watu weusi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hazilitegemei jua: moja hutokana na virusi, nyingine huota kwenye kovu au kidonda cha miaka mingi, ya tatu huanzia kwenye unyayo. Kwa hiyo kaya ya kisiwani ina mahali pake pa kutazama, napo ni nyayo, kucha, ndani ya kinywa, makovu ya zamani, na ngozi yote ya mtu mwenye ualbino.

Tuanze na ile ya virusi, kwa sababu hapa ndiyo yenye uzito. Daktari Moritz Kaposi aliieleza mjini Vienna mwaka wa 1872, na Afrika Mashariki iliifahamu kabla ya janga la Ukimwi, hasa kwenye miguu ya wanaume watu wazima. Mwaka wa 1994 watafiti waligundua virusi vinavyoisababisha, vya jamii ya herpesi. Wengi wenye virusi hivyo hawaugui kamwe, lakini kinga ya mwili ikishushwa na VVU, vinapata nafasi. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini Kenya, kwa hiyo jambo hili si la mbali. Vitabu husema madoa yake ni ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kahawia iliyokolea au meusi tititi, bapa au yenye uvimbe mdogo, na kwa kawaida hayawashi wala hayaumi. Hutokea mguuni, kwenye ncha ya pua na kwenye kaakaa. Mguu mmoja ukivimba na ngozi yake ikawa ngumu, usiseme ni uchovu wa kuvuta nyavu. Kwa mtoto, huenda pasiwe na doa lolote, ila tezi zilizovimba. Atakayesema anameza ARV, dawa za VVU, kila siku na virusi vyake havionekani kwenye vipimo ana haki ya kutulia, kwa maana hatari yake imepungua sana, haijaisha. Na ikigunduliwa mapema kwa mtu ambaye bado hajaanza ARV, mara nyingine dawa hizo peke yake huyafanya madoa yanywee. Ikishafika mapafuni au tumboni, ni lazima aongezewe dawa kali za saratani.

Ile ya tatu, melanoma, ni adimu zaidi, ila ina haraka. Kwa watu weusi hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, sehemu zisizochomwa na jua. Bob Marley, aliyefariki Mei 1981, ilimwanzia kwenye kidole cha mguu. Nchini Marekani, takriban watu weusi 70 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kupatikana na melanoma, ilhali kwa weupe ni zaidi ya 90. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa: nani hukagua unyayo wake? Mvuvi wa omena hukesha ziwani na taa, hurudi asubuhi, hunawa miguu na kulala. Hapo hapo wakati wa kunawa, mwenzake amulike kwa tochi ya simu nyayo na katikati ya vidole. Doa la kutiliwa shaka lina upande mmoja usiofanana na wa pili, kingo zilizochongoka, rangi zaidi ya moja, na linapanuka. Kuhusu kucha, watu weusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa na si ugonjwa. Shaka ni mstari wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka, hasa rangi ikimwagikia ngozi ya shina la ukucha. Damu iliyovilia baada ya kugongwa na mashua husogea mbele ukucha unapokua na kuacha sehemu safi nyuma yake, melanoma haiachi.

Hapa mtu atauliza: miguu ya wavuvi haikosi majeraha, je, kila mkato upelekwe hospitali? Hapana. Kipimo ni muda. Kidonda cha kawaida huonyesha kupona ndani ya wiki chache. Kisichofunga baada ya mwezi mmoja, au kinachofunga na kufunguka tena, kinahitaji kuonwa. Kovu la moto au kidonda ndugu cha miaka kumi kikianza kuota nyama iliyoinuka kingoni, kutoa damu kikiguswa na kunuka kuliko zamani, huenda ni saratani ya seli bapa. Kubadilisha marhamu kila mwezi ni kuipa nafasi.

Saratani hiyo hiyo ndiyo inayowaandama watu wenye ualbino, na kwao jua ndilo chanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1985 kuhusu watu wenye ualbino nchini Tanzania uliona ngozi zao zikiharibika tangu utotoni, kabla ya miaka kumi. Takawiri iko karibu kabisa na ikweta, na mchanga mkavu wa ufuo hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya jua, kwa hiyo kofia pekee haimkingi mama mwenye ualbino anayeanika omena saa sita mchana. Mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana na losheni ya kukinga jua, ambayo Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huitoa bure kupitia hospitali za umma, viende pamoja. Magamba makavu yanayokwaruza kwenye midomo, masikio na shingo bado si saratani, na katika hatua hiyo huondolewa kwa tiba ndogo.

Imani ngumu kuing'oa ni kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Imetokana na kitu ambacho watu wamekiona kwa macho: mgonjwa alikatwa, akafa baada ya miezi. Lakini wengi wa hao walifika wakiwa na mtoki mgumu kwenye kinena, ishara kwamba ugonjwa ulikuwa umeshatembea kabla ya kisu. Wanaoshuku chira, laana ya kuvunja mwiko, wana sababu zao za kifamilia, na hakuna anayewazuia kuyamaliza nyumbani. Mradi mashua ya kwenda hospitali ya Mbita isisubiri shughuli hizo ziishe. Nauli na siku ya kazi iliyopotea ni pingamizi la kweli. Ndiyo maana inafaa kuanza na mhudumu wa afya ya jamii, na kupiga picha ya doa kando ya sarafu, kisha nyingine baada ya wiki nne, ili ukuaji uonekane bila ubishi. Hospitalini, omba kinyama kidogo kikatwe na kupimwa maabara, kwa kuwa macho ya daktari peke yake hayatoshi. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza yatatoka lini, utayafuata kwa nani, na uache nambari ya simu inayopatikana kisiwani.