Somo la 14: Kibofu Kisichotulia

Mama mmoja aliacha kuja darasani. Tulipomwuliza, alisema anaona haya. Mkojo humbana ghafla, na usiku huamka mara 4.

Huu si uchawi. Kibofu ni mfuko wa mkojo. Misuli yake hujikaza kabla mfuko haujajaa. Lakini nenda upimwe kwanza, maana kisukari na vijidudu huleta dalili kama hizi.

Anza na mazoezi. Mkojo ukibana, jizuie dakika chache ndipo uende. Ongeza muda kidogo kidogo kwa wiki 6 au zaidi.

Isipofaa, daktari atatoa dawa. Oksibutinini ni ya zamani, na bei yake ni nafuu. Humezwa mara 2 au 3 kwa siku. Hukausha kinywa sana, hufunga choo, na yaweza kuwavuruga wazee akili. Solifenasini hufanya kazi kwa njia ile ile, lakini humezwa mara 1 tu, na kinywa hakikauki sana. Mirabegroni ilianza kutumika Japani mwaka 2011. Hiyo haina shida kubwa ya kinywa, ila yaweza kupandisha shinikizo la damu.

Kwa kutuliza kibofu, dawa hizi zinakaribiana. Zinatofautiana kwa madhara. Basi mweleze daktari kila ugonjwa ulio nao, hasa wa macho na wa shinikizo la damu. Usione haya.

Maswali
1. Kwa nini tupimwe kwanza?
2. Bibi mwenye umri wa miaka 75 ana shinikizo kubwa la damu. Amwulize daktari nini?