Dondoo muhimu: Mabomba ya tangi la maji chumvi yakivuja

Katika tangi la samaki wa baharini, mvujo mdogo hujulikana kwa ukoko mweupe wa chumvi kwenye maungio, mara nyingi kabla tone halijafika sakafuni.

1. Chomoa plagi zote kwa mikono mikavu. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi.

2. Futa ukoko, kausha, kisha zungushia karatasi ya shashi: panapolowa kwanza ndipo panapovuja.

3. Kaza nati za plastiki kwa mkono, ongeza robo mzunguko tu. Spana kubwa huzipasua.

4. Safisha mpira wa yunioni (kiungio cha bomba kinachofunguka). Punje moja ya mchanga huyapa maji njia.

5. Zungusha utepe mweupe wa kuzibia kwenye nyuzi za kiungio kufuata upande wa kukazia, si kinyume.

6. Usipake gundi juu ya ufa. Kata kipande kibovu, unganisha kipya, acha kikauke kwa saa 24.

7. Epuka viungio vya shaba. Huua kamba na matumbawe.

8. Fidia maji yaliyovuja kwa maji ya chumvi, takriban gramu 35 kwa lita; maji baridi ni ya kufidia mvuke.