Mfalme Aujenge Wapi Mji wa Matajiri?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kuna mchezo wa kompyuta uitwao Crusader Kings II, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Paradox Interactive ya Uswidi. Mchezaji hushika nafasi ya mtawala mmoja wa zama za kati, akaoa, akarithi, akakusanya kodi na kupigana vita. Mwaka 2013 iliongezwa sehemu iitwayo The Republic, nayo yahusu jamhuri za wafanyabiashara kama vile Venice na Genoa. Wengi katika bweni letu waujua mchezo huu kwa kuucheza wakati wa likizo, na mabishano juu yake hayaishi.

Katika somo hili nataka kujibu swali moja tu. Mfalme mwenye pwani ndefu akitaka kuweka jamhuri ya wafanyabiashara iliyo chini yake, aiweke wapi? Na kwa kuwa waliotunga mchezo walifuata mambo yaliyotokea kweli, yafaa jibu letu tulitafute kwanza katika historia na jiografia, ndipo turudi mchezoni.

JAMHURI HIYO NI KITU GANI?

Katika Ulaya ya zamani nchi nyingi zilitawaliwa na mabwana wenye mashamba na ngome, na mwana alirithi cheo cha baba yake. Lakini ilikuwapo miji iliyotawaliwa na matajiri wa biashara, waliokaa barazani na kumchagua mkuu wao. Miji mingine haikuwa chini ya mtu yeyote. Mingine ilikuwa na mfalme juu yake, ikamlipa kodi, naye akaiacha ijitawale katika mambo yake ya ndani.

Mchezo waonyesha jambo hilo hivi. Mfalme huchagua mji ulio katika wilaya ya pwani, akampa mkuu wa mji ule wilaya yenyewe pamoja na jimbo. Hapo mkuu huyo huwa Doge, na nyumba tano za matajiri hushindana kushika cheo chake. Nyumba hizo hujenga vituo vya biashara katika pwani za nchi nyingi, na mfalme hupata sehemu ya mapato bila ya kujenga merikebu hata moja.

Mambo haya yapendeza, lakini ina hatari zake. Jimbo likishatolewa, si rahisi kulirudisha. Doge huchaguliwa, kwa hiyo mfalme hawezi kulipata tena jimbo lile kwa kumwoza binti yake. Akitaka kulinyang'anya, huenda akapata vita. Basi mahali pa kuiweka jamhuri pataka kufikiriwa kabla ya kutoa.

MJI WA KWANZA: LÜBECK

Mwaka 1143 bwana mmoja wa Ujerumani ya kaskazini, Adolf wa Pili wa Holstein, alianzisha mji juu ya kilima kilichozungukwa na mito miwili, Trave na Wakenitz. Toka hapo mpaka Bahari ya Baltic ni kiasi cha kilomita 20 kwa mto. Merikebu ziliweza kupanda mpaka mjini, na wanyang'anyi wa baharini hawakuweza kuufikia mji kwa ghafula.

Mkubwa wa Adolf alikuwa Heinrich, aliyeitwa Simba, mtawala wa Saxony. Heinrich alikuwa na soko lake mahali paitwapo Bardowick, na alipoona kwamba wafanyabiashara wanahamia Lübeck, alitaka Adolf ampe nusu ya mji. Adolf alikataa. Heinrich akakataza soko la Lübeck, isipokuwa kuuza vyakula tu. Mwaka 1157 mji ukaungua. Wafanyabiashara wakamwendea Heinrich wakamwomba awape mahali pengine, naye akawajengea mji mpya karibu na hapo, akauita Mji wa Simba.

Je, mji wa Simba ulistawi? Haukustawi. Kasisi Helmold wa Bosau, aliyeishi nchi ile wakati ule, aliandika kwamba merikebu kubwa hazikuweza kufika kwa sababu maji yalikuwa haba, na tena mahali penyewe palikuwa vigumu kulindwa. Mtawala alikuwa na nguvu, fedha na jina kubwa, lakini hakuweza kuuamuru mto uwe na kina. Mwaka 1159 Adolf alimwachia mahali pa zamani, na wafanyabiashara wakarudi mara moja kujenga. Heinrich akapeleka wajumbe Denmark, Uswidi, Norway na nchi ya Warusi, akiwaahidi watu wao amani na njia wazi wakija Lübeck. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa nini mahali pale palikuwa pema namna ile? Tazama ramani. Toka Lübeck kwenda Hamburg kwa nchi kavu ni kiasi cha kilomita 60 tu, na Hamburg yaelekea Bahari ya Kaskazini. Mwenye mali alipopitia njia hii fupi aliepuka safari ndefu ya kuizunguka Denmark. Tena upande wa kusini iko Lüneburg yenye chumvi nyingi, na ng'ambo ya bahari, katika pwani ya Skåne, walivuliwa samaki waitwao heringi. Wakristo wa zama zile hawakula nyama siku za kufunga, kwa hiyo samaki walitakiwa kila mahali, na samaki hawawezi kwenda mbali bila chumvi. Lübeck ilikaa katikati ya chumvi na samaki.

Heinrich alipogombana na Kaisari Friedrich Barbarossa alinyang'anywa nchi zake, na Lübeck ikawa chini ya Kaisari mwaka 1181. Baadaye ilitawaliwa na Wadenmark kwa miaka kadha, na mwaka 1226 Kaisari Friedrich wa Pili aliipa hati kwamba haitakuwa chini ya bwana yeyote isipokuwa Kaisari mwenyewe. Ndipo ikawa kichwa cha miji ya Hansa.

MJI WA PILI: RAGUSA

Mji huu leo waitwa Dubrovnik, nao uko pwani ya Kroatia. Toka mwaka 1205 mpaka 1358 ulikuwa chini ya Venice, ambayo ilileta mkuu wake kuutawala. Mwaka 1358 Venice ilishindwa na mfalme wa Hungaria, na Ragusa ikawa chini ya mfalme huyo.

Hapa pana somo kubwa. Venice ilikuwa mji wa biashara kama Ragusa, kwa hiyo ilimwona mtoto wake kama mshindani, ikambana. Hungaria ilikuwa nchi ya wapanda farasi na mashamba. Ilipokea kodi yake, ikauacha mji ufanye kazi. Matajiri wa Ragusa wakajitawala wenyewe, na ili mtu mmoja asijifanye mfalme, mkuu wao alikaa madarakani mwezi mmoja tu, kisha akachaguliwa mwingine.

Utajiri wao ulitoka wapi? Nyuma ya milima yao zilikuwapo nchi za Bosnia na Serbia, zenye migodi ya fedha kama Srebrenica na Novo Brdo. Misafara ilishuka na fedha mpaka Ragusa, ikapanda na nguo na chumvi. Waturuki walipozishika nchi hizo, Ragusa haikupigana nao. Ilikubali kulipa kodi, na toka mwaka 1481 kodi hiyo ilikuwa dukati 12,500 kila mwaka. Ni fedha nyingi, lakini kwa malipo hayo wafanyabiashara wake walipita salama katika nchi zote za Sultani. Jamhuri hiyo iliishi mpaka mwaka 1808, ilipoondolewa na watu wa Napoleon.

MJI WA TATU: GALATA

Mfano wa tatu ni wa kuonya. Mwaka 1261 Kaisari Michael Palaiologos wa Wabizanti alifanya mapatano na Genoa ili apate msaada wa merikebu juu ya Venice. Mwaka huohuo mji wa Constantinople ulirudi mikononi mwake, na mwaka 1267 aliwapa Wagenoa mahali paitwapo Galata, ng'ambo ya pili ya ghuba iitwayo Pembe ya Dhahabu. Mtu akisimama katika kuta za mji wa Kaisari aliiona Galata mbele yake.

Galata haikuwa jamhuri kamili. Ilikuwa mji wa wageni, na mkuu wao aliletwa kutoka Genoa, lakini walipaswa kumheshimu Kaisari kama bwana wa nchi. Mahali penyewe palikuwa pazuri mno, maana merikebu zote za Bahari Nyeusi hupita hapo. Ndiyo sababu ya msiba. Merikebu zilitia nanga Galata, wala si kwa Kaisari. Mwandishi mmoja wa Wabizanti, Nikephoros Gregoras, aliandika kwamba katika karne ya 14 ushuru wa Galata ulifika kiasi cha sarafu za dhahabu 200,000 kwa mwaka, na wa Constantinople haukupita 30,000.

Kaisari John Kantakouzenos alijaribu kupunguza ushuru wa bandari yake na kuunda merikebu zake mwenyewe. Mwaka 1348 Wagenoa walivuka ghuba wakazichoma merikebu hizo. Akaunda nyingine, nazo zikapotea mwaka 1349. Mnara mkubwa walioujenga Wagenoa mwaka 1348 wasimama hata leo mjini Istanbul.

KANUNI TUNAZOZIPATA

Kutokana na miji hii mitatu mimi nimepata kanuni tano, na kila moja yafaa mchezoni.

Kwanza, chagua mahali ambapo mali hubadili chombo. Wilaya ya pwani pekee haitoshi. Patafute mahali ambapo bahari moja yaikaribia nyingine, au njia ya bara yakutana na maji yenye kina.

Pili, tazama nyuma ya bandari. Lübeck ilikuwa na chumvi, na Ragusa ilikuwa na fedha. Bandari isiyo na kitu nyuma yake ni mlango usio na nyumba.

Tatu, usiiweke jamhuri mlangoni pako. Mji mkuu wa mfalme na mji wa matajiri wakila chungu kimoja, mmoja atalala na njaa. Wako wenzangu wasemao kwamba ni heri jamhuri iwe karibu ili mfalme aiangalie. Kaisari aliiangalia Galata kila siku, na kuangalia hakukumsaidia.

Nne, usiweke jamhuri mbili katika bahari moja. Katika mchezo vituo vya biashara vya jamhuri moja vikifuatana pwani, faida yake huongezeka. Vya watu wawili vikichanganyika, kila mmoja humkatia mwenzake njia, kisha hugombana, na mfalme hupoteza kwa pande zote mbili. Mwenye pwani mbili aweke moja huku na moja huko.

Tano, chukua kiasi. Heinrich alipotaka nusu ya mji hakupata kitu. Alipofungua njia kwa watu wote alipata mji mzima. Mtaka yote hukosa yote.

Ramani ya mchezo huu haifiki Kilwa, lakini kanuni mbili za kwanza zaonekana hata huko. Kilwa ilikuwa ya sultani, wala si jamhuri. Hata hivyo ilikuwa kisiwani penye maji salama, na vyombo vya Arabia na Bara Hindi viliweza kuifikia kwa kaskazi moja, lakini kwenda mbele zaidi na kurudi katika mwaka uleule ilikuwa taabu. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ililetwa Kilwa na wenyeji wa pwani, na huko ikabadilishana na nguo. Ni mahali pa kubadili chombo, penye mali nyuma yake.

Huenda mzazi asomaye haya akauliza, mchezo una faida gani kwa mtoto wa shule? Namjibu kwa heshima kwamba ukichezwa bila ramani na kitabu, faida yake ni ndogo. Lakini mchezaji akiuliza kwa nini mji huu umestawi na ule umekufa, hapo tayari anasoma. Na swali hilo si la wafalme wa kale tu. Kila serikali inayojenga bandari, au kuwapa wageni sehemu ya pwani yake wafanye biashara, yakabiliwa na swali lilelile: mahali gani, kwa sehemu gani ya mapato, na je, tukitaka kurudishiwa tutarudishiwa?

MASWALI

1. Fungua atlasi, utafute Lübeck, Hamburg na Lüneburg. Eleza kwa nini Mji wa Simba haungeweza kushika nafasi ya Lübeck hata kama ungekuwa jirani yake.

2. Ragusa ililipa dukati 12,500 kila mwaka. Je, ilikuwa mtumwa au ilikuwa imenunua kitu? Toa sababu zako.

3. Wewe ni Kaisari wa mwaka 1267, nawe wahitaji merikebu za Genoa. Usipowapa Galata, utawapa mahali gani?