Maji meupe yanayotoka kwenye utando

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, kazi ya kuchuja mnaijua. Mkichuja pombe, makapi yanabaki juu, pombe inashuka. Lakini tia chumvi katika maji, uyachuje kwa kitambaa: chumvi itapita pamoja na maji, kwani imekwisha kuyeyuka.

Kwa kutenganisha vitu vilivyoyeyuka, viwanda vingine vinatumia utando, ndiyo ngozi nyembamba sana yenye matundu ambayo jicho haliwezi kuyaona. Utando unakunjwa ndani ya bomba, pampu inasukuma maji kwa nguvu. Mengine yanapenya na kutokea upande mmoja. Yaliyozuiliwa yanatokea upande mwingine, mazito kuliko yalivyoingia.

Sasa tuangalie shaba. Mawe yake yanayeyushwa kwa asidi sulfuriki, na maji yanakuwa ya buluu. Yakisukumwa kwenye utando wa aina ya nanofiltrasio, shaba nyingi inazuiliwa, buluu inabaki nyuma. Upande wa pili yanatoka maji meupe kama ya mvua.

Hapo ndipo hatari. Utando ule unazuia shaba, lakini asidi nyingi unaiacha ipite. Kwa kiwanda ni faida, maana asidi hiyo inarudishwa kazini. Kwako wewe mwenye jasho usoni, ni mtego. Jicho linaona maji, ngozi inakuta asidi. Chovya ndani yake karatasi ya buluu ya turnesoli, nayo itageuka nyekundu mara moja.

Nimekwisha kuosha macho ya mtu aliyenawa kwa maji ya namna hii. Alikuwa akirudia tu: « Lakini yalikuwa meupe! »

Basi usinywe, usinawe, wala usijaze bidoni kupeleka nyumbani. Hata bidoni tupu ya kiwanda mama asiitilie maji ya watoto.

Asidi ikiingia jichoni, usingoje muganga. Fungua kope kwa vidole, osha kwa maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 zisipungue. Ikimwagikia nguo, zivue huku unamwagiwa maji; haya uiache. Mtoto akiinywa, msukutue kinywa lakini usimtapishe: asidi iliyounguza koo ikishuka itaiunguza tena ikipanda. Mkimbize hospitalini, na bidoni ile uilete, imefungwa vizuri, tujue alichokunywa.